Ziara ya nyumba kwa nyumba kuona majiko banifu, maji ya mvua na bustani: tuiandae vipi mtaani kwetu?

Mkazi wa Tambarare, Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira katika mtaa mmoja ulio pembezoni mwa mji wa Moshi, upande wa chini, ambako Kilimanjaro inaonekana vizuri lakini mvua za mlimani hazitufikii kwa wingi. Kamati yetu imeazimia kuandaa siku moja ya kutembeleana nyumba kwa nyumba, ili wakazi wajionee wenyewe namna majirani zao wanavyopunguza matumizi ya kuni, mkaa, umeme na maji, na namna wanavyopata mboga kwenye maeneo madogo. Tumekuwa na semina za kutosha. Watu huja, husikiliza, hupewa vijitabu, kisha hurudi nyumbani na kuendelea kupikia mafiga matatu. Tunaamini kwamba mtu akiona maharage yakiiva kwenye jiko banifu kwa jirani anayemfahamu, ambaye kipato chake hakipishani sana na cha kwake, atashawishika kuliko akisikiliza mhadhara wa siku nzima.

Kaya zilizokubali kupokea wageni ni za aina mbalimbali. Ipo yenye mtambo wa biogesi, zipo zenye majiko banifu ya udongo, ipo inayovuna maji ya mvua kwenye tangi kubwa, zipo zenye paneli za sola, na kuna mama anayelima mchicha, mnafu na sukuma wiki kwenye magunia aliyoyapanga ukutani kwa nyumba yake. Kinachonitatiza ni mpangilio. Ninahofia kwamba tukizipitia nyumba zote kwa siku moja, watu watachoka na hawatajifunza kitu kwa undani. Ninahofia pia kwamba nyumba zenye vifaa vya gharama zitawakatisha tamaa wenye kipato kidogo, nao wataondoka wakiamini kwamba mambo haya ni ya watu wenye uwezo.

Ninaomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuandaa au kupokea ziara ya namna hii. Tuanze na nyumba ya aina gani, mwenyeji aeleze nini na aache nini, na tufanyeje ili wageni waondoke na jambo wanaloweza kulianza wiki hiyo hiyo?

Ugani Mstaafu, Kibosho

Ndugu yangu wa tambarare, hongereni kwa uamuzi huo. Nilifanya kazi ya ugani kwa miaka mingi katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha kabla ya kustaafu, na jambo ninalolisimamia kwa moyo wote ni kwamba mkulima humwamini mkulima mwenzake. Bwana shamba husaidia kupima na kurekebisha, lakini anayemfanya mtu ajaribu kitu ni jirani yake.

Kabla ya kutafuta teknolojia mpya, waleteni watu wenu huku juu waone kihamba, yaani shamba la asili la Wachagga linalozunguka nyumba. Ninajua vijana wengi wa mjini hukiona kihamba kuwa shamba la wazee lililosongamana miti, lakini wakisimama ndani yake pamoja na mtu wa kuwaelekeza watatambua kuwa ni bustani iliyojengwa kwa ghorofa. Juu kabisa imesimama mifuruanje, miringaringa na migrivea, ambayo huleta kivuli, kuni za matawi na majani ya kurutubisha udongo. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba ipo mibuni, na karibu na ardhi kuna magimbi, viazi vikuu, maharage na majani ya mifugo. Ng'ombe hatoki zizini. Hulishwa majani na mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, na samadi yake hurudi kwenye migomba hiyo hiyo. Maji huja kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa na wazee kutoka korongoni, na kila ukoo una zamu yake ya kuyafungulia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, katika eneo la Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Inanisikitisha kwamba watu husafiri kutoka mbali kuja kuuona, ilhali watoto wetu wanaoishi mwendo wa nusu saa kwa daladala hawajawahi kuelezwa unavyofanya kazi.

Sisemi kwamba mkapande kahawa tambarare, kwa kuwa haitakubali. Ninachotaka wageni wenu wakichukue ni mpangilio wake: udongo haukai wazi, kivuli hakikosekani, na kinachotoka shambani hurudi shambani. Kwenye kiwanja kikavu cha huko kwenu, mlonge na mpapai vinaweza kushika nafasi ya juu, mbaazi ikashika nafasi ya kati, na kunde au majani ya maboga yakafunika ardhi.

Kuhusu biogesi, CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, imekuwa ikieneza kwa miaka mingi mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi, na mafundi waliofunzwa kuijenga wapo katika mikoa yetu. Mwenyeji wenu aeleze hesabu yake bila kuipamba. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi, kwa hiyo kilo 25 kwa siku, ambazo ng'ombe wawili wa zizini huzitoa bila taabu, huzalisha kama mita moja ya ujazo. Jiko la kawaida la biogesi hutumia kati ya lita 200 na 400 kwa saa, maana yake kaya hupata saa mbili na nusu au zaidi za kupika kila siku. Lakini samadi huchanganywa na maji kwa kiwango sawa, kwa hiyo zinahitajika pia lita 25 za maji kila siku, na kwa maeneo yenye uhaba wa maji hapo ndipo mtambo unapokwama. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua sehemu ya maji hayo endapo sakafu ya zizi imesakafiwa vizuri na kuelekezwa kwenye tundu la kuingizia.

Mwenyeji awashe jiko mbele ya wageni. Moto mzuri wa biogesi ni wa buluu na hauna moshi. Ukiona unarukaruka, unafifia kisha unapanda tena, ujue maji yamejikusanya ndani ya bomba la gesi. Kuna koki ndogo mahali palipo chini kuliko pote kwenye bomba hilo, nayo hufunguliwa kidogo maji yatoke, kisha hufungwa. Mgeni aone koki hiyo na aifungue kwa mkono wake mwenyewe. Wapo waliouacha mtambo mzima kwa sababu hawakuelekezwa kitu kidogo kama hicho. Halafu wapelekwe mahali tope linapotokea upande wa pili, wakaone linavyomwagwa shambani, kwa sababu kwa mkulima mbolea ile ina thamani sawa na gesi yenyewe.

Ningependa muanze na kihamba, kisha biogesi, ndipo mshuke kwenye mambo madogo.

Mpishi wa Kinondoni, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wa Kibosho. Nimejifunza mengi kwenye maelezo yako, hasa hiyo habari ya koki. Hata hivyo ninaomba nitofautiane nawe kuhusu mahali pa kuanzia.

Ndugu mwandaaji, jiulize kwanza wakazi wa mtaa wako wanaishi vipi. Ikiwa mtaa huo unafanana na mitaa mingine ya pembezoni mwa miji yetu, wengi wao ni wapangaji. Mpangaji wa chumba kimoja hana ng'ombe, hana paa la kuwekea gata, hana ardhi ya kuchimba mtambo, na hata angekuwa na fedha hawezi kujenga kitu kwenye nyumba ya mtu. Ukimwanzishia ziara kwenye biogesi utakuwa umempoteza kabla jua halijapanda. Nyumba ya kwanza iwe ya mpangaji, na iwe na vitu ambavyo mpangaji anaviamua mwenyewe: jiko, sufuria, mfuniko, balbu na pasi.

Jambo la pili, ambalo nitaliomba kwa msisitizo, ni kwamba anayepika ndiye azungumze. Mara nyingi wageni wakifika, baba mwenye nyumba husimama mlangoni akaeleza jiko ambalo hajawahi kulipikia hata uji, na mama hubaki nyuma akiandaa chai. Yeye ndiye anayejua kwamba jiko hili linafaa kwa maharage lakini ugali wa watu wengi unalitikisa, kwamba kuni zikiwa mbichi bomba la moshi huziba masizi, na kwamba mdomo wa jiko ukipasuka unaukandika kwa udongo gani. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yatakayomsaidia mwanamke mwenzake.

Ziara pia iwe wakati wa kupika. Jiko lililopoa halimfundishi mtu kitu. Kwenye jiko banifu la udongo, muonyesheni mgeni jinsi sufuria inavyozama ndani badala ya kukaa juu, na jinsi nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko ilivyo nyembamba, kama sentimita moja tu, ili moto ulambe ubavu wa sufuria kabla ya kutoka. Nafasi hiyo ikiwa pana joto hupotea, ikiwa finyu mno moto husongwa na moshi hurudi jikoni. Udongo wa kichuguu ukichanganywa na majivu na nyasi zilizokatwakatwa unatosha, na fundi hodari humaliza kufinyanga kwa siku moja, ingawa jiko linapaswa kuachwa likauke taratibu kivulini kabla ya kuwashwa.

Kwa wanaotumia mkaa, waelezwe gharama ambayo haionekani sokoni. Kwa tanuri la asili la kufukia kwa udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na takriban kilo sita hadi kumi za kuni. Kwa hiyo kila debe ambalo familia inaliokoa kwa kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria, na kuihamishia kwenye kikapu kilichojazwa pamba au vitambaa baada ya kuchemka ili yajiivie humo, ni mzigo mkubwa wa kuni uliobaki msituni.

Kuhusu umeme, kuna onyesho moja ambalo halihitaji maneno mengi. Mchagueni mwenyeji mwenye jiko la umeme la presha. Kabla ya kupika, wageni wasome uniti kwenye mita ya LUKU. Maharage yakiiva, wasome tena. Jiko la wati 1,000 halichoti umeme muda wote, kwa sababu likishajenga presha hujizima na kuwaka kwa vipindi, na maharage yaliyolowekwa huiva kwa chini ya nusu uniti. Watu wengi wanaogopa kupikia umeme kwa sababu wanalifikiria jiko la koili la zamani. Wakishaiona tofauti ya tarakimu kwa macho yao, kila mmoja atapiga hesabu yake na kuilinganisha na bei ya kopo la mkaa.

Balbu zisisahaulike. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 9 kwa mwezi, wakati ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, haifiki uniti moja na nusu. Kwa mteja wa daraja la D1, ambaye hupata bei nafuu kwa sababu matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, taa mbili tatu za nje zinazokesha zinaweza kuamua kama atabaki kwenye daraja hilo au atatolewa.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ninatamani sana tulifikie lengo hilo, nami ninaamini kwamba siku ya kutembeleana kama mnayoiandaa inaweza kufanya kazi ambayo matangazo ya redio hayajaiweza.

Mtunza Maji, Dodoma

Ndugu mwandaaji, wenzangu wamezungumzia jiko vya kutosha, nami nitajikita kwenye maji, kwa kuwa tambarare yenu na Dodoma yetu zina shida inayofanana.

Kanuni ya kuvuna maji ya mvua ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anaweza kuwaeleza wageni: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 80, katika eneo linalopata milimita 500 kwa mwaka, ikipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika na kukauka, hupata lita 32,000. Watu wakisikia tarakimu hiyo huona kwamba wanahitaji tangi kubwa ajabu, kisha huliacha wazo lote. Hapo ndipo mwenyeji anapaswa kuwaelekeza upya. Familia inayotenga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupika pekee, tuseme lita 20 kwa siku, itakaa siku 250 kwa tangi la lita 5,000, na huko kwenu kiangazi hakifiki siku hizo. Kufua na kuoga kuendelee kutegemea bomba au kisima.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mikoa ya kaskazini, ambako visima vingi vinavyozunguka Meru na Kilimanjaro vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi haionekani wala haitoki kwa kuchemsha. Kuchemsha huizidisha, kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Madhara yake mnayaona kwenye meno ya watoto, na yakizidi huingia mifupani. Maji ya mvua hayana floraidi hiyo. Mzazi akielezwa hivyo, tangi huacha kuwa suala la kuokoa bili na kuwa suala la afya ya mwanawe.

Kitu ambacho wageni waelekezwe kwa karibu ni bomba la kutupia maji ya kwanza. Mvua ya mwanzo huosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege juu ya mabati, na maji hayo hayapaswi kufika tangini. Kadiria nusu lita kwa kila mita ya mraba, maana yake lita 40 kwa paa nililolitaja. Bomba la plastiki la inchi 6 lililosimamishwa wima, lenye urefu wa mita mbili na robo hivi, hubeba kiasi hicho: hujaa kwanza kwa maji machafu, na likishajaa yale yanayofuata hupita juu yake kuelekea tangini. Chini huwekwa mfuniko wa kuzungusha wenye tundu dogo, ili maji machafu yadondoke taratibu na bomba liwe tupu kabla ya mvua nyingine. Mwombeni mwenyeji afungue mfuniko huo wageni wakiwa wamesimama hapo. Wakiyaona matope yanayotoka hamtahitaji kuwashawishi.

Ninaunga mkono wazo la watu kwenda kuona kwa macho kwa sababu nimeona lilivyofanya kazi katika kijiji cha Chololo, nje ya Dodoma mjini, ambacho tangu mwaka 2011 kilikuwa sehemu ya mradi wa kijiji cha mfano wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Wakulima wa pale walionyesha mashimo madogo ya kupandia, yenye upana wa sentimita kama 22 na kina cha sentimita 30, ambayo huwekwa samadi na mabaki ya mazao ili kushika maji ya mvua kwenye mizizi ya mtama au mahindi. Shimo kama hilo halihitaji fedha, linahitaji jembe na samadi. Mgeni akishalichimba moja kwa mikono yake hatalisahau.

Mwana wa Amu, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mmezungumza kuhusu vitu vilivyomo nyumbani, nami ninaomba nyumba yenyewe isisahaulike.

Nyumba zetu za kale za Lamu, mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita hivi, na dari zikibebwa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, huingiza mwanga na kutoa hewa moto, na njia za mtaani ni nyembamba kiasi kwamba nyumba moja hutia kivuli nyingine. Hakuna feni iliyohusika katika hesabu hiyo. Leo watu wanavunja kuta hizo na kuinua nyumba za matofali membamba ya saruji zenye paa la mabati lisilo na dari, kisha wanalazimika kununua kiyoyozi.

Moshi si Lamu, na jiwe la matumbawe halipatikani huko, lakini kuna mambo mawili ambayo wageni wenu wanaweza kuyachunguza katika kila nyumba watakayoingia. La kwanza ni mwelekeo. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, kwa hiyo nyumba ndefu ielekeze kuta zake pana kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upewe mti au upenu mrefu. La pili ni hewa. Chumba chenye dirisha upande mmoja hakipumui hata dirisha likiwa kubwa. Kinahitaji tundu upande wa pili, tena juu, ambako hewa moto hukusanyika.

Anayekusudia kujenga aulizie pia matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kule Tanzania umekuwa ukiyahimiza kwa muda mrefu. Tanuri moja la matofali ya kuchoma hula kuni ambazo familia ingepikia kwa miezi mingi.

Mkazi wa Tambarare, Moshi

Ninawashukuru sana nyote. Shikamoo mzee wa Kibosho, na ahsante kwa mwaliko uliojificha ndani ya maneno yako. Nimewasomea wajumbe majibu haya yote, na tumekubaliana kwamba nyumba ya kwanza iwe ya mpangaji kama dada wa Kinondoni alivyoshauri, kwa sababu ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya kaya za mtaa wetu zimepanga, na sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria jambo hilo. Tumepunguza pia nyumba za siku hiyo ziwe nne, ili kila moja ipate saa nzima.

Yamebaki mambo mawili. Mwenyeji mwenye paneli za sola ana wasiwasi kwamba watu wakishaona betri zake zilipo, huenda akavamiwa usiku, na sioni kama ana kosa. Isitoshe, hatujaamua ziara ifanyike mwezi gani. Baadhi ya wajumbe wanapendekeza mwezi wa Mei, wakati kila kitu ni kijani na mandhari yanapendeza.

Mhamiaji, Melbourne

Ndugu mwandaaji, mimi ninaishi Australia, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumekuwa na siku ya kila mwaka ambapo wenye nyumba zilizojengwa au kurekebishwa kwa kujali mazingira hufungulia watu milango. Kilichonipendeza hapo ni kwamba mwenye nyumba hujibu maswali mwenyewe, hutaja gharama, na husema wazi kitu gani asingekifanya tena.

Wasiwasi wa mwenyeji wenu ni wa haki, na dawa yake ni utaratibu. Msibandike orodha ya nyumba kwenye ubao wa matangazo wala kuisambaza kwenye makundi ya simu. Wageni wajiandikishe kwa mjumbe wa shina, waende kwa kundi moja lenye kiongozi, na wasipige picha za ndani bila ruhusa. Kuhusu sola, hakuna haja ya mgeni kuingia chumba chenye betri. Ya muhimu yako nje: paneli zinaelekea wapi, zimeinama kiasi gani, na nani huzifuta vumbi. Huku kusini sana tunazielekeza kaskazini na kuziinamisha vya kutosha, lakini Moshi iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo mdogo unatosha. Zisilazwe bapa kabisa, kwa kuwa vumbi na maji yatatuama juu yake. Mwenyeji aandike kwenye kipande cha karatasi vifaa anavyoviendesha na kwa saa ngapi, na karatasi hiyo ipitishwe kwa wageni.

Mtunza Maji, Dodoma

Ninawasihi msifanye mwezi wa Mei. Mwezi huo kila tangi limejaa na kila bustani imestawi, hata ya mtu asiyejua kulima. Fanyeni mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Tangi lenye maji mwishoni mwa kiangazi limekwisha kujaribiwa, na mgeni akigonga ubavu wake kwa kiganja atasikia kimo cha maji kilipobaki. Mnafu wa yule mama wa magunia ukiwa bado unachumwa wakati huo, kila mtu atataka kujua anaumwagilia kwa maji gani. Mwombeni aeleze maji ya kuoshea mboga na mchele anayatumia vipi, na kwa nini yale yenye sabuni nyingi anayapeleka kwenye migomba au mipapai badala ya mchicha. Aonyeshe pia nguzo ya kokoto iliyo katikati ya gunia, kuanzia chini hadi juu, inayopeleka maji kwenye mashimo ya ubavuni. Bila nguzo hiyo maji huishia juu, na miche ya chini hukauka.

Ugani Mstaafu, Kibosho

Marahaba, wanangu. Dada wa Kinondoni amenishawishi kuhusu wapangaji, na ninaona ni sahihi kihamba kije mwishoni badala ya mwanzoni, kwa wale watakaokuwa na nafasi ya kupanda huku alasiri. Septemba ni mwezi mzuri kwetu pia, kwa sababu ndipo mfongo unapogawanywa kwa zamu kali, na wageni wataona jinsi wazee wanavyoamua nani afungulie maji na kwa saa ngapi. Nijulishe tarehe mapema nimwombe mwenyekiti wa mfongo aipange zamu yetu siku hiyo. Waambie waje na viatu vya kukanyagia matope, na kila mwenye gunia la samadi nyumbani asije mikono mitupu, kwani tutabadilishana kwa machipukizi ya migomba na miche ya mbaazi.